Naomba ushauri: kisu kipya cha kukunja, bapa linacheza
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Wiki iliyopita nimenunua kisu cha kukunja, bapa sm 8 hivi, chuma cha kaboni, mpini wa mbao, loki ni ile ya kibati kinachoingia nyuma ya bapa ukishafungua. Makali yake jamani, kinachana karatasi bila kukwama, na mkononi kimekaa vizuri mno. Shida ni kwamba nikikifungua nikashika ncha, bapa linacheza kushoto kulia, nikikaza skrubu ya pale linapozungukia kinakuwa kigumu mpaka nitumie mikono miwili, nikilegeza kidogo tu linacheza tena. Nimesafisha, nimetia tone la mafuta ya cherehani, ikasaidia siku mbili basi.

Halafu jana nimekatia ndimu nikakisahau kama nusu saa, limetoka madoa ya kijivu-bluu, sio ile kutu nyekundu, nikipangusa hayatoki. Na mimi niko Tanga, hewa ya chumvi hii.

Naomba kujua, hiyo skrubu niitie gundi ya nati ile ya bluu, ya kuzuia isilegee, au nikirudishe dukani mapema wanibadilishie? Na hayo madoa niyaache au niyasugue? Nimekisubiri sana hiki kisu, sitaki nikiharibu.