Nimerithi deki ya riili, nataka kutengeneza lupu za sauti. Naanzaje?

mwana_wa_makorora
Wakuu habari za jioni. Mjomba wangu marehemu alikuwa baharia, na kwenye vitu alivyoacha kuna deki ya Akai 4000DS ya riili mbili pamoja na boksi lenye tepu 9. Imekaa juu ya kabati miaka mingi, nikaipeleka kwa fundi redio hapa mtaani Tanga akabadilisha mpira wa mota akasafisha hedi (vile vichwa vinavyosoma na kurekodi sauti), sasa inazunguka na inaimba vizuri tu.

Mimi siitaki ya kusikilizia zilipendwa, nataka kutengenezea muziki, yaani ule wa kuchezea sauti zenyewe. Nina sauti nimezirekodi kwenye simu: mama akikuna nazi, ngalawa ikigonga gati, konda anavyopiga bati la daladala, na nataka zizunguke kwenye lupu, yaani kipande cha tepu kilichoungwa mwanzo na mwisho, mpaka zigeuke kitu kingine kabisa. Juzi nikakata kipande cha tepu moja ya mjomba, nikaunga kwa selotepu, ikazunguka mara tatu ikatoka njiani afu deki ikajizima yenyewe. Tepu nyingine ndo inalia kama mlango wenye kutu na inaacha uchafu wa kahawia kwenye hedi.

Washkaji wananiambia si utumie kompyuta tu, programu za lupu zimejaa tena za bure. Najua. Ila tepu nikiishika mkononi naiona sauti ilipoanzia na inapoishia, hicho ndo kinachonivuta. Anayejua anisaidie.

riili_na_wembe
Mkuu, kwanza acha kukata tepu za mjomba. Hata sentimita 1 usikate kabla hujazisikiliza zote mwanzo mpaka mwisho, pande zote mbili. Mabaharia walikuwa wanarekodi redio za bandarini, harusi, wengine wanarekodi salamu wanaituma tepu nyumbani badala ya barua. Ukishakata na kurekodi juu yake hairudi tena hiyo.

Selotepu itupe. Gundi yake inachuruzika pembeni na kwa joto la Tanga ndo kabisa, inaganda kwenye hedi na kwenye ule mpira unaobana tepu. Kuna utepe maalum wa kuungia, unabandikwa upande wa mgongo, sio upande wenye dawa ya sumaku inayobeba sauti. Wembe uwe mpya na usiwe umegusa sumaku, maana wembe wenye sumaku unaacha mlio wa "tap" kila kiungo kikipita. Kata mshazari digrii 45, hapo sauti moja inaipokea nyingine taratibu. Ukitaka ianze kwa kishindo kata wima, digrii 90. Huo mkato ni sehemu ya muziki wenyewe.

Sasa utamu uko kwenye rula. Spidi ya juu ya deki yako ni sentimita 19 kwa sekunde, kwa hiyo lupu ya sekunde 4 ni sentimita 76, ya sekunde 10 ni kama mita 1.9. Unataka mapigo manne ndani ya sekunde 2? Kila pigo ni sentimita 9.5, unaunga kipande cha konda akipiga bati, kipande cha tepu tupu, kipande cha nazi, kipande tupu, umemaliza. Mwaka 1963 Delia Derbyshire pale BBC Radiophonic Workshop London, karakana ya sauti ya BBC, aliutengeneza muziki wa kufungulia kipindi cha runinga cha Doctor Who kwa njia hiyo hiyo, noti moja moja, kila noti ni kipande cha tepu kilichopimwa na kukatwa afu vikaungwa. Mimi siku nilipoelewa kwamba muda ni urefu, kwamba naweza kuupima mezani kama fundi cherehani anavyopima kitambaa, sikurudi tena kwenye kompyuta kwa kazi za namna hii.

Deki kujizima ni kale kamkono ka pembeni, kakishuka inajua tepu imekatika. Kashikilie juu kwa mpira wa kufungia pesa. Lupu ndefu ipitishe kwenye stendi ya maiki au chupa ya kioo iliyojaa maji, chupa laini isiyo na mikwaruzo, iwe imevutika kidogo tu. Ikilegea inatoka njiani, ikikaza sana sauti inayumba.

yuko_oakland
Niongezee hapo. Ukitaka sauti irudi kinyumenyume geuza tu riili, ya kushoto iende kulia. Na ukirekodi kwenye 19 ukapiga kwenye 9.5, sauti inashuka oktavo moja na inachukua muda mara mbili, hiyo ngalawa yako itakuwa kama meli ya mizigo.

Ukija kupata deki ya pili jaribu kitu alichofanya mtunzi wa muziki Steve Reich huku San Francisco mwaka 1965. Alimrekodi mhubiri wa barabarani pale Union Square, akatengeneza lupu mbili za maneno yale yale akazipiga kwenye mashine mbili. Mashine hazilingani spidi sawasawa, moja ikaanza kuiacha nyingine pole pole, maneno yakawa yanapandana mpaka unasikia midundo ambayo hakuna mtu aliyeipiga. Akaona hilo lina thamani kuliko alichokuwa amepanga, akaliacha liende.

Ila usinunue ya Marekani bila kuuliza. Transfoma itakushushia volti toka 230 kwenda 120 lakini haibadilishi masafa ya umeme. Deki nyingi za bei ya chini mota yake inafuata masafa hayo, huku ni hezi 60 huko nyumbani ni hezi 50, kwa hiyo itazunguka polepole kwa moja ya sita mpaka fundi abadilishe puli. Revox A77 haina shida hiyo kwa sababu spidi yake inalindwa na saketi ya ndani.

riili_na_wembe
@yuko_oakland hapo kwenye kugeuza riili naomba nikusahihishe kaka, hiyo inakubali kwenye deki za stereo za nusu traki, ambazo sauti inajaza upana wote wa tepu kwa upande mmoja tu. Akai yake ni robo traki, tepu ina mistari minne, miwili ya kila upande, akigeuza riili hedi zinasoma traki za upande wa pili, atasikia kimya au kitu kingine kabisa. Kwake inabidi aipindue tepu mgongo ndo uangalie hedi. Inasoma kinyumenyume kweli ila sauti kali zinapotea, inakuwa nzito kama mtu anaongea nyuma ya pazia. Mimi napenda ilivyo.

dada_wa_makavazi
Mdogo wangu, hiyo tepu inayolia usiipige tena. Nafanya kazi ya kuhifadhi kanda za zamani na hilo naliona kila wiki. Gundi inayoshikilia dawa imefyonza unyevu wa hewa, inakuwa inanata, dawa inabanduka, huo uchafu wa kahawia ndo sauti yenyewe inaondoka. Kwa mwambao wa huku ni balaa. Zipo tepu zinazotibika kwa kuokwa kwenye joto la chini, kama digrii 54 kwa masaa mengi, kwenye mashine inayolinda joto, sio oveni ya gesi. Lakini kwanza inua riili iangalie ubavuni ukiwa umeelekea kwenye mwanga. Mwanga ukipenya au inanuka siki, hiyo ni ya asetati, plastiki ya tepu za zamani, usiioke kamwe, utaiharibu. Mpelekee mtu anayezijua.

Za kukatia nunua mpya, bado zinatengenezwa Ufaransa na Marekani. Kwa deki ya nyumbani chukua ile nyembamba ya LPR35. Bei imechangamka, ila riili moja inatoa lupu mpaka uchoke.

Na ukiambiwa hayo ni mambo ya Wazungu, mtafute Halim El-Dabh. Mtunzi wa muziki, Mmisri. Mwaka 1944, Cairo, aliazima mashine iliyokuwa inarekodi kwenye waya, tepu ilikuwa bado haijafika huko, akaingia kwenye shughuli ya zaar, ngoma ya wanawake ya kutuliza pepo, aliyezoea ngoma za pepo za huku atajua nazungumzia nini. Akaichukua ile sauti kwenye studio ya redio, akaichuja, akaipitisha kwenye vyumba vya mwangwi, akaondoa sauti za msingi za wale wanawake akabakiza zile nyembamba zinazoelea juu. Hiyo ni miaka 4 kabla Mfaransa Pierre Schaeffer hajarusha kazi zake za sauti zilizorekodiwa kwenye redio Paris mwaka 1948, ambazo ndo kila mtu anaziita mwanzo. Mimi inaniuma hilo halisemwi.

mwana_wa_makorora
Asanteni sana, nimerudi na majibu baada ya wiki tatu.

Tepu inayolia nimempelekea dada, sijaigusa. Zile 8 nimezisikiliza zote. Saba ni redio na taarabu. Kwenye moja, upande wa pili, mjomba anahesabu moja mpaka kumi kujaribu maiki, kwa nyuma kuna injini ya meli, afu anasema "haya, inashika". Basi. Kile kipande nilichokata siku ile kilikuwa cha riili hiyo hiyo, kwa bahati ni mwishoni ambako hakuna kitu.

Nimeinakili kwenye tepu mpya. Nimepima mita 1.52, sekunde 8, ikazunguka kwenye chupa mbili za maji. Kwenye hedi ya kufutia nimepachika kipande cha plastiki ya chupa ya soda ili isifute, kwa hiyo kila mzunguko ukipita ninaongeza kitu juu: nazi, gati, bati la daladala. Zile za chini zinafifia kidogo kila ninaporekodi tena. Baada ya dakika kama kumi na tano namba hazisikiki tena, imebaki injini na kitu kama pumzi, ila kila baada ya sekunde 8 ile "inashika" inatokeza kidogo.

Nakala halisi iko kabatini, kwenye mfuko mkavu. Kesho napima ya sekunde 20, natafuta chupa za kuongezea.