Mabinti wawili, mmoja mkimbiaji, mmoja wa voliboli: nani ana nafasi zaidi Marekani?

MwalimuKapsabet
Wanajamvi, habari zenu. Binti yangu mkubwa alimaliza kidato cha nne mwaka jana, akapata B-. Mita 1500 anakimbia kwa 4:31, uwanja wa murram, saa ya mkononi. Mdogo yuko kidato cha tatu, ni seta (mpangaji wa mipira) wa timu ya voliboli ya shule. Kuna jamaa anataka shilingi 80,000 kwa kila mmoja awatafutie ufadhili wa michezo vyuoni, anasema Marekani "wasichana wana sheria yao". Nina ng'ombe mmoja wa kuuza. Nimuuze kwa ajili ya nani?

NyikaTexas
Mwalimu, ng'ombe abaki zizini. Sheria ipo kweli, Title IX ya 1972, inayokataza shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kubagua kwa jinsia, lakini haimjui mtoto wako. Katika vyuo vikubwa vya Daraja la Kwanza, futiboli ya Kimarekani ilikuwa na ufadhili 85 kwa kila chuo na wanawake hawana timu kubwa namna hiyo, basi vyuo vikajaziliza kwenye michezo mingine. Ndiyo maana wasichana wapiga makasia walitengewa 20, na wengine hufika chuoni hawajawahi kushika kasia!

Riadha ya wanawake ilikuwa na 18, ila kocha alizikatakata: nusu kwa wa mbio za nyika, robo kwa mrusha mkuki. Voliboli 12, zisizogawanyika, unapata yote au hupati kitu. Tangu 2025, baada ya makubaliano ya mahakamani, vyuo vilivyojiunga na makubaliano hayo vina ukomo wa wachezaji tu: riadha 45, voliboli 18. Usidanganyike na 45. Kuwa kwenye timu si kulipiwa. Na vyuo vya Daraja la Tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa.

Mkubwa ndiye mwenye njia fupi, maana saa haihitaji mtu wa kuisifu. Atafute mbio zenye saa ya umeme. Kisha aandikie makocha mwenyewe, hata wa vyuo vya miaka miwili. Mkimbiaji wetu Sally Kipyego alianzia South Plains, chuo cha miaka miwili, kabla ya kwenda chuo kikuu cha Texas Tech. Mimi nilienda na 4:34 ya murram. Barua pepe arobaini, majibu sita, ofa moja: karo na bweni, nauli juu yangu. Harambee ya kanisa ndiyo iliyonipandisha ndege. Na asikae nyumbani miaka akishindana, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, huuhesabu muda huo.

SetaMstaafu
Wa voliboli ni kazi zaidi, mwalimu. Kocha hana saa ya kusoma, ana macho tu, na wasichana wa kule wamecheza klabuni tangu utotoni. Weka simu nyuma ya mstari wa mwisho, juu kidogo, urekodi seti nzima bila kukata. Wanataka kumwona akikimbilia pasi mbovu, si mipira mizuri kumi iliyowekewa muziki. Urefu wake?

MwalimuKapsabet
Futi 5 na inchi 6, na bado anaruka ua wa jirani. Ana mwaka mzima wa kurekodiwa. Mkubwa nimempa simu yangu, ameshaandikia makocha wanne jana usiku mpaka bando ikaisha.

Jamaa amepiga leo asubuhi. Nimemwambia ng'ombe ana mimba.