Mbunge ni wa chama au ni wa wananchi?

Mkazi wa Tandale: Mwaka 2014 rasimu ya Tume ya Jaji Warioba, iliyopendekeza serikali tatu (ya Muungano, ya Zanzibar na ya Tanganyika), ilifika katika Bunge Maalumu la Katiba kule Dodoma. Msimamo wa CCM ulikuwa serikali mbili, wajumbe wake wakaushika, Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje, na mpaka leo tunatumia Katiba ya 1977. Je, nani kati yao alikuwa anatusemea sisi? Ingawa nasi wapiga kura wa Dar tunanunulika kwa kanga na kofia.

Msomaji wa Magomeni: Ndugu yangu, nilikuwa nawe bega kwa bega mpaka ulipotaja kanga. Mama yangu anayo moja ya kampeni, ameikata vipande viwili vya kuipulia sufuria jikoni, na aliyeigawa hakupata kura yake. Ulimwona wapi akinunuliwa?

Mstaafu wa Ilala: Wanangu, acheni kanga. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea ubunge apendekezwe na chama, na ibara ya 71 inamvua kiti akikoma kuwa mwanachama, kwa hiyo anayemwambia mbunge apige kura kwa dhamira yake anamwambia aweke kazi rehani. Marehemu Mchungaji Mtikila aliipigania haki ya mgombea binafsi, akashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, akashinda Mahakama ya Afrika pale Arusha mwaka 2013, na ibara zile zipo vilevile.

Mkazi wa Tandale: Mzee wangu, shikamoo. Mbona basi mwaka 2008 Kamati Teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, ikiongozwa na Mwakyembe wa CCM, ilisema mpaka Waziri Mkuu wa chama hichohicho akajiuzulu? Ibara ya 71 ilikuwepo. Tusimfichie mwoga nyuma ya Katiba.

Mstaafu wa Ilala: Marahaba. Umesahau wale wabunge 55 wa mwaka 1993, wote wa CCM, waliodai serikali ya Tanganyika. Bunge likakubali, chama kikaja kuwarudisha nyuma. Ujasiri wanao, ila unaishia mlangoni pa vikao vya chama.

Msomaji wa Magomeni: Mimi bado sijaombwa radhi. Nimemsomea mama haya yote, naye anauliza: wajumbe wa Dodoma waliolalamika kwamba posho ya shilingi 300,000 kwa siku haiwatoshi, wao mnasemaje, nao walipewa kanga?