Kuhama Mwanza kwenda Bukoba na mtoto mchanga: Fuso, meli au nibaki kwanza?

Mama wa Kitangiri

Habari za jioni wanajamvi. Nachapa kwa kidole kimoja, mkono mwingine una mtoto anayenyonya, kwa hiyo mkiona herufi zimerukana mnivumilie.

Mume wangu amepata uhamisho kwenda Bukoba. Nyumba ameshapata, iko Kashai, na mwenye nyumba kachukua kodi ya miezi sita yote kwa mkupuo. Ndege basi msinitajie. Hela ya ndege ndiyo hiyo imelala kwenye kodi.

Hapa tunakaa Kitangiri, huku juu kabisa kwenye mawe, ambako gari linaishia chini na kila kitu kinapanda na kushuka kwa mabega ya vijana. Tuna friji, makochi, kabati la milango mitatu ambalo hata lilivyoingia sijui, na kitanda cha mtoto ambacho mume wangu alikifunga mwenyewe kwa fahari na sasa hataki kukifungua. Mtoto ana wiki nane, kifungua mimba. Nilijifungua kwa upasuaji, mshono umepona ila kubeba vitu vizito bado nimekatazwa.

Sasa humu ndani kuna kambi tatu. Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, ana Fuso. Anasema mama na mtoto wakae mbele na dereva, tuondoke usiku, asubuhi tuko Bukoba, gharama hakuna. Mume wangu anataka meli, tulale majini tuamkie bandarini. Mama mkwe yuko Sengerema, na meli hataki hata kuisikia. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 alipoteza mtu wake wa karibu, na hilo hatubishani naye. Yeye anasema nishukie kwake, nikae "mpaka mtoto apate nguvu".

Jamani, mama mkwe wangu namheshimu na ananipenda kweli. Ila nikiteremka pale na begi, sitaondoka kabla mtoto hajaota meno. Na ana lake moja: mtoto lazima apewe maji ya vuguvugu kidogo kidogo, kwamba maziwa peke yake yanamkausha koo. Kila akipiga simu anauliza kama nimeshaanza.

Waliowahi kuhama na mtoto mdogo hivi, mlifanyaje? Naombeni uzoefu, siyo "Mungu atawatangulia" tu. Hilo tunaliamini tayari.

Kapera Mstaarabu

Subirini mtoto afike darasa la kwanza, atabeba na kochi moja.

Mama wa Kitangiri

@Kapera Mstaarabu wewe subiri uoe.

Dereva wa Njia Ndefu

Dada, hongera kwa mtoto. Mimi naendesha Fuso njia hiyohiyo, Mwanza–Bukoba, mara nyingine hadi Mutukula. Shemeji yako ana nia njema, ila asikupakie.

Kwenye Fuso injini iko chini ya viti. Joto linapanda, kelele hazikatiki, na pale katikati mara nyingi hata mkanda hakuna. Mtoto utamshika mikononi, na dereva akikanyaga breki ya ghafla kwenye tuta asiloliona usiku, mikono ya mama haina nguvu ya kumzuia mtoto, hata uwe na upendo wa namna gani. Halafu hiyo "asubuhi mko Bukoba" mwambie aache. Gari la vyombo vya nyumba kamba zikilegea mnasimama, trafiki akinyoosha mkono mnasimama, mizani mnasimama, turubai likianza kupigapiga mnasimama, utingo akitaka kula Katoro mnasimama. Ni zaidi ya kilomita 400.

Daraja limetuokoa, hilo siwezi kukataa. Zamani pale Kigongo ukikuta foleni ya kivuko unashuka, unanunua mahindi ya kuchoma, unarudi, gari liko palepale. Tangu lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, zile kilomita 3 za majini hadi Busisi unazipita kwa dakika chache. Sengerema imekuwa jirani. Lakini daraja halijafupisha kipande cha Geita mpaka Muleba, na kile ndicho kinachochosha watu.

La pili, ambalo hujauliza. Muulize shemeji hilo Fuso mara ya mwisho lilibeba nini. Likiwa limetoka kupeleka dagaa, mbao za bodi zinakuwa zimekunywa ile harufu. Mtazimwagia maji zitaonekana safi, ila bodi ikipigwa jua ikiwa imefunikwa turubai, harufu yote inapanda upya. Kuna familia moja tuliwashushia godoro Muleba, mama mwenye nyumba alilinusa mara moja akaliegemeza nje ukutani, halikuingia ndani tena. Kwa hiyo: sabuni ya unga, fagio gumu, bodi ikauke kabisa, kisha tandikeni turubai la chini kabla ya lile la juu. Watu wengi wanakumbuka la juu tu.

Na vitu vya mtoto viingie mwisho kabisa mlangoni. Mkifika usiku na mvua ya Bukoba inanyesha, hamtaki kuanza kushusha kabati ndipo mpate chandarua.

Mama wa Kitangiri

@Dereva wa Njia Ndefu nimemuuliza. Kacheka, akasema "dagaa kidogo tu". Asante sana kaka.

Muuguzi Mstaafu

Binti, soma kwa utulivu.

Anza na kliniki. Mtoto wako wa wiki nane ameshapata chanjo za wiki 6. Za wiki 10 zinakuja karibuni, na za wiki 14 ndizo zitakazofuata. Ushauri wangu: za wiki 10 azipate hapo hapo Mwanza, mnapojulikana, halafu mkae siku mbili tatu ndipo msafiri. Ile chanjo ya pentavalenti, ya kwenye paja, inaweza kuleta homa kidogo na mtoto akawa msumbufu siku hiyo na inayofuata. Ni kawaida. Ila homa hiyo ikikukuta ukiwa katikati ya Geita na Muleba utashindwa kujua ni chanjo au ni malaria au ni kitu kingine. Mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika nyuzi 38, hatupimi kwa kiganja wala kumnywesha dawa ya jirani, anapelekwa kituoni. Nunua kipimajoto, hakina bei kubwa. Njiani hospitali kubwa zipo: Geita kuna ya rufaa ya mkoa, Chato kuna ya rufaa ya kanda.

Za wiki 14 utazipata Bukoba kwenye kliniki yoyote. Beba kadi. Kadi isiingie kwenye boksi la vyombo, iwe kwenye pochi yako, na uipige picha kwenye simu. Nimeona akina mama wengi wanakuja kliniki ngeni mikono mitupu, kadi iko chini ya masufuria, na muuguzi hajui aanzie wapi.

Barabarani akae kwenye kiti cha mtoto kinachotazama nyuma, kifungwe kiti cha nyuma cha gari. Mjini vya mitumba vinapatikana. Kagua mikanda na kifungio, chenye ufa usichukue. Kila baada ya saa mbili hivi simameni. Mtoe kwenye kiti, mnyonyeshe gari likiwa limesimama, mcheulishe, mbadilishe nepi, mlaze dakika chache kifudifudi kifuani kwako. Nawe utembee. Aliyejifungua karibuni, tena kwa upasuaji, akikaa saa nyingi bila kunyoosha miguu damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usisubiri mfike.

Kuhusu maji ya vuguvugu: hapana. Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata Bukoba, hata kiangazi. Maziwa yako yana maji ya kumtosha, na tumbo lake dogo likijaa maji atanyonya kidogo. Ukiona ana kiu, nyonyesha mara nyingi zaidi.

Mama Pacha

Mimi nilikwenda na meli, MV Victoria, pacha wangu wakiwa wadogo kuliko wako. Dada, kama mtapata chumba, ni safari nzuri sana. Mnaondoka Mwanza jioni, unanyonyesha umelala, hakuna tuta hata moja, asubuhi Kemondo halafu Bukoba. Ila kama ni daraja la tatu sahau. Watu, ndizi, mabegi, redio ya mtu fulani mpaka usiku wa manane, na choo unapanga foleni na mtoto mgongoni. Usitoke naye nje kuangalia taa za mji zikipotea, huo upepo wa ziwani usiku usiuchezee.

Ulizeni bandarini kwanza kama wiki hiyo meli ipo safarini, na vyumba vinawahiwa, siyo vya kufika na kukata siku hiyo hiyo.

Lakini mama mkwe wako akikesha macho kodo usiku mzima kwa ajili yenu, sioni kama itakuwa safari ya amani kwa mtu yeyote. Nyumbani kwetu pia kuna mama mdogo ambaye tangu mwaka ule hapandi hata mtumbwi wa kuvuka kwenda shambani. Watu wa pande hizi karibu kila ukoo una wake. Mwambie mumeo asilibebe kama suala la nani mwoga.

Bibi wa Igoma

Mjukuu wangu, mimi ni mama mkwe wa watu watatu, niache niseme upande wetu.

Huyo mama hataki kukufunga. Anataka kumshika mtoto wa mwanawe. Nyie mnapita Sengerema na gari, barabara inapita mlangoni kwake, halafu mnamwambia kwa simu "tumeshapita mama"? Atalia, na atakuwa na haki. Shukeni. Mpe mtoto amshike, umwache amwimbie, na kuku wako amchinje, mle. Saa tatu nne, mnaendelea. Begi la nguo lisishuke kwenye gari. Hapo umemheshimu na hujalala.

Na hilo la maji usilijibu wewe. Mkwe hamfundishi mama mkwe. Aseme mwanawe mwenyewe, tena kabla hamjafika: "Mama, nesi amekataza kabisa." Nesi akikataza hatuna ugomvi na nesi.

Mama wa Kitangiri

Shikamoo bibi. Nimecheka mpaka mtoto kashtuka. "Begi lisishuke" nimeliandika.

Baba Mwenye Spana

Nitaongeza la upande wa baba kwa sababu naona wote mnapanga safari na hakuna aliyeigusa nyumba.

Mtoto na vyombo visihame siku moja. Vyombo vitangulie na baba, mama na mtoto wabaki hata kwa ndugu. Siku ya kuhama nyumba inakuwa wazi mlango, vijana kumi wanaingia na kutoka, vumbi la nyuma ya kabati lililokaa miaka linaruka, hakuna pa kukaa unyonyeshe. Kule unakokwenda ni hivyo hivyo kinyumenyume.

Mimi nilipotangulia nilikuta mwenye nyumba kapaka rangi ya mafuta chumba cha kulala juzi yake, kutufurahisha. Ukiingia macho yanawasha. Ilibidi madirisha yakae wazi mchana kutwa siku kadhaa. Wavu wa dirisha la jikoni ulikuwa na tundu la kupita ngumi, taa ya chooni haiwaki, tangi halina maji. Hayo yote niliyamaliza nikiwa peke yangu, nalala kwenye godoro na mkate. Kagera malaria ipo ya kutosha, kwa hiyo chandarua chenye dawa kifungwe kabla mtoto hajalala usiku wa kwanza, na msumari wa dari upigwe kabla, siyo saa nne usiku mtoto analia.

Kuhusu kitanda: akifungue. Ndugu yangu, najua inauma. Nati na skrubu ziingie kwenye mfuko mdogo, mfuko ufungwe kwa gundi ya karatasi kwenye ubao wa kitanda chenyewe, na spana yake humo humo. Mkiziweka "mahali salama" mtanunua kitanda kingine.

Mama wa Kitangiri

Wakuu, asanteni. Tumekaa jana usiku tukapanga.

Mume wangu anatangulia na Fuso wikiendi ijayo, na shemeji amekubali kuliosha bodi mbele ya macho yangu (kanuna kidogo, ila kakubali). Vijana wa kushusha vitu kutoka juu tumepatana nao, na lile kabati wamelitazama wakatikisa vichwa. Huenda likauzwa kwa jirani. Mimi na mtoto tunahamia kwa dada yangu Buhongwa, tumalizie chanjo za wiki 10. Kisha mume anarudi kutuchukua na Noah ya rafiki yake, kiti cha mtoto nimeshakipata. Tunaondoka alfajiri, Sengerema tunashuka kwa mama mpaka mchana, tunalala Geita kwa shangazi yangu, kesho yake tunamalizia. Meli nimemwambia tutapanda siku tukija Mwanza kusalimia, kama mama atakuwa ameridhia.

Simu ya maji ya vuguvugu imeshapigwa. Mama kauliza nesi mwenyewe ni wa wapi.

Swali dogo kwa @Dereva wa Njia Ndefu: friji lisafiri limesimama au limelazwa? Shemeji anasema lilazwe lipunguze nafasi.

Dereva wa Njia Ndefu

Lisimame, nyuma ya kabini, lifungwe kamba mbili na blanketi katikati ili kamba isikate rangi. Chota barafu yote siku moja kabla na mlango uubane kwa gundi ya karatasi. Akilazimisha kulilaza, mkifika lisimamisheni likae usiku kucha ndipo mchomeke umeme, mafuta ya kompresa yarudi chini. Na kabati hilo msiliuze haraka, lina skrubu nyuma. Mpigieni yule wa spana.