Naomba ushauri: aliyekaa na njaa muda mrefu alishwe vipi?

Hamjambo wenzangu. Niko Kayole. Binamu yangu amefika jana kutoka Turkana, mbavu zinahesabika, miguu imevimba. Ukibonyeza, kidole kinaacha shimo. Mama ameshapika ugali na nyama, anataka ale ashibe. Mimi naogopa sana. Mwaka 1945, kambi ya mateso ya Wanazi ya Bergen-Belsen, Ujerumani, ilipokombolewa, kuna manusura waliokufa baada ya kupewa chakula kizito ghafla. Mwili uliozoea njaa ukijazwa wanga, basi madini ya fosfeti na potasiamu hushuka kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Kwa sasa nampa uji mwepesi, kidogo kidogo, na kesho asubuhi tunaenda hospitali. Waliowahi kuuguza mtu hivi, niombe apimwe nini? Na mama nimwelezeje bila kumkosea heshima?