.375 H&H: darubini inahama kila baada ya risasi kumi

Kitako_Mti
Wakuu, naomba msaada. Bunduki ni .375 H&H, bolti ya aina ya Mauser, risasi za kiwandani za greni 300. Darubini ni 1.5-6x42 yenye mrija wa milimita 30, imekaa juu ya besi mbili (vibao vya chuma vinavyoibeba darubini) za skrubu ndogo za 6-48 (namba 6, nyuzi 48 kwa inchi). Risasi tatu za kwanza mita 100 zinakaa ndani ya sentimeta 5. Kufika ya kumi shabaha imeshahama sentimeta 15 kulia, na nikirudisha kwa kliki (hatua za kitufe cha kurekebisha darubini) inahama tena. Skrubu zote zimekazwa kwa mkono mpaka mwisho. Je, darubini imekufa au tatizo ni besi? Safari ya Tanzania ni mwezi ujao.

FundiChuma
Usinunue darubini bado. Kwanza paka mstari mwembamba wa rangi ya kucha pale pete inayoishika darubini inapokutana na mrija, na mwingine pale besi inapokutana na chuma cha bunduki. Piga risasi tano, kisha tazama. Rangi ikipasuka kwenye pete, mrija unateleza. Ikipasuka kwenye besi, besi ndiyo inayotembea. Isipopasuka popote na shabaha bado inahama, hapo ndipo tuanze kuishuku darubini yenyewe au mti (kitako cha mbao).

Mimi naweka dau kwenye besi. .375 inapiga teke karibu mara mbili ya .30-06, na kila teke bunduki inarudi nyuma huku darubini ikitaka kubaki ilipo. Kinachoizuia ni skrubu nne nyembamba tu.

Kagua skrubu ya mbele kabisa. Hii huwadanganya wengi: ikiwa ndefu kupita kiasi, ncha yake inagota kwenye nyuzi za mtutu kabla kichwa hakijaibana besi. Mkononi unasikia imekaza, kumbe besi inaelea. Itoe, itie bila besi, uhesabu mizunguko mpaka igote, kisha uirudishe na besi uhesabu tena. Ukiwa na besi mizunguko lazima iwe pungufu, maana kichwa kinaibana besi kabla ncha haijagota. Ikiwa sawa na ile ya bila besi, kata ncha kwa tupa, nusu uzi kwa wakati. Na ile inayofuata nyuma yake ikizidi urefu, itakwaruza bolti. Utaisikia bolti nzito kufunga.

Kipimo_Sahihi
Naongeza kwa fundi. "Kwa mkono mpaka mwisho" ndiyo inayonitia shaka. Skrubu za pete zinataka takriban Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 1.7 hadi 2.2, za besi za 6-48 karibu Nm 2.3 hadi 2.8, isipokuwa karatasi ya mtengenezaji iseme vingine. Torki renchi za magari utakazoonyeshwa Kirinyaga Road hazifai, nyingi zinaanzia juu ya hapo. Tafuta bisibisi ya torki. Ukikaza pete kupita kiasi unaubonyeza mrija, na dalili zake ni hizo hizo: kliki zinaruka, pete ya kukuza inakuwa ngumu.

Utaratibu: fungua kila kitu, safisha matundu na skrubu kwa asetoni mpaka mafuta yaishe (mafuta ya kiwandani yamejaa humo), kausha. Besi pekee ndizo zitiwe tone la gundi ya skrubu ya buluu, si nyekundu, nyekundu itakulazimu kutumia moto kuifungua. Kwenye pete usitie gundi, maana inalainisha nyuzi, unakaza zaidi ya unavyodhani. Kaza kwa kuvuka pembe kwa pembe, kidogo kidogo, na mwanya kati ya nusu mbili za pete uwe sawa pande zote. Acha gundi ikauke saa 24 kabla ya kupiga.

Halafu umbali wa jicho na darubini. Kwa bunduki hii usikubali chini ya milimita 90, na upime ukiwa kwenye ukuzaji wa 6, kwa sababu darubini nyingi jicho linatakiwa kusogea karibu zaidi ukikuza. Fumba macho, weka kitako begani, fumbua. Picha isipojaa, sogeza darubini, si shingo. Ukiwa mezani unajikuta umejongea mbele. Ndiyo maana nyusi zinachanika reng'ini.

Kitako_Mti
Asanteni. Skrubu ya mbele imegota kweli: bila besi mizunguko 6, na besi 6 vilevile. Je, nichonge tu au nipanue matundu hadi 8-40 (skrubu nene zaidi)?

FundiChuma
Hiyo imejibu swali lako: ilikuwa imeshika chuma na kuiacha besi. Chonga hii kwanza. Kupanua hadi 8-40 ni wazo zuri kwa caliber hii, lakini ni kazi ya fundi mwenye leseni na mashine ya kutoboa iliyonyooka, si drili ya mkononi. Tundu likipinda, hakuna darubini itakayokuokoa. Na ukimpelekea bunduki, mpelekee na cheti chake cha umiliki.

Wakati umefungua, kagua pia mti nyuma ya mkia wa chuma na kwenye kigingi cha kuzuia teke. Ufa mdogo kama unywele unatosha kuitawanya shabaha.

Kipimo_Sahihi
Ukishafunga: toa bolti, chungulia ndani ya mtutu kwenye shabaha ya mita 25, lete msalaba wa darubini pale pale. Kliki ya robo dakika ya pembe kwa mita 25 ni karibu milimita 1.8, kwa 100 ni 7.3, usichanganye. Darubini ikiwa sentimeta 4 juu ya mtutu, ukipiga katikati mita 25 utakuwa sentimeta 5 hivi juu kwa mita 100, na karibu katikati tena kwa 150. Kwa nyati inatosha kabisa. Risasi tatu, acha mtutu upoe, tatu tena. Piga jumla ya 20 kwa risasi zile zile utakazosafiri nazo. Mwinuko wa Nairobi usikusumbue, kwa mita 100 tofauti na nyanda za chini haionekani kwenye karatasi.

Mgeni_Mtaani
Kuuliza tu, uwindaji si marufuku hapa?

FundiChuma
Kenya ndiyo, tangu 1977. Amesema anaenda Tanzania. Kitako, turudishie hali ya rangi ya kucha baada ya risasi 20.