Mzee alifunga laptopu kabla filamu iishe: wenu waliokuwa Uganda enzi za Amin wanasemaje?

NyarKisumu
Wadau habari zenu. Niko Kisumu hapa Nyalenda na nina jambo linanisumbua tangu Jumamosi. Baba yangu alifanya kazi ya reli kule Jinja kutoka 1969 mpaka 1977, sasa ako na miaka 78, na kwa muda mrefu nilikuwa nataka aone ile filamu ya Idi Amin ya 2006, The Last King of Scotland, nikidhani nitakuwa nimemfurahisha. Basi tukakaa sebuleni mimi, yeye na kijana wangu wa fomu tatu, chai na mandazi mezani.

Mwanzo mzee alicheka kweli kweli. Pale Amin anahutubia wanakijiji na wamama wanacheza, baba alijipiga paja akasema ndivyo alivyokuwa, hivyo hivyo, angekufanya usahau umekuja kufanya nini. Halafu gari linagonga ng'ombe, daktari mzungu anachukua bastola ya rais mwenyewe anammaliza yule ng'ombe, Amin badala ya kukasirika anavua shati lake la jeshi wanabadilishana na fulana ya Uskoti. Kijana wangu akasema huyu jamaa ni mpoa sana, na baba hakumkataza.

Lakini kadiri ilivyoendelea akanyamaza. Kikombe alikuwa amekishika mkononi, chai ikapoa mpaka utando ukatanda juu, hakukiweka wala hakunywa. Ilipofika ile maiti ya mke wa Amin, Kay, akainuka akafunga laptopu mwenyewe, hakutafuta hata kitufe, akaifunga tu kama mtu anafunga Biblia. Akaniuliza, huyo daktari mzungu ni nani, mimi nilikuwa huko miaka minane mbona simjui? Akaenda kulala saa mbili usiku.

Sasa swali langu. Ni sawa filamu itufanye tumpende Amin saa nzima ya kwanza? Maana mimi nilimpenda, wacha niseme ukweli, na nikimwangalia baba nasikia aibu. Na nyinyi mliokuwa na watu huko, waliiona? Walisema nini?

Mpakani_Busia
Dada pole, na umwambie mzee pole. Mimi naona hapo filamu haikukosea hata kidogo. Amin alipopindua tarehe 25 Januari 1971, Rais Obote akiwa Singapore kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola, watu wa Kampala waliingia barabarani kushangilia. Marehemu mjomba wangu alikuwa mmoja wao, alipanda juu ya lori na tawi la mti mkononi, na mpaka anakufa alikuwa anatuambia hicho ndicho kitu kilichokuwa kinamuuma zaidi ya yote aliyoyaona baadaye, kwamba alishangilia. Amin alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda karibu miaka kumi, askari wa KAR, lile jeshi la kikoloni la Waingereza, anacheka na kila mtu, anapiga akodioni. Wangemwonyesha kama fisi kutoka dakika ya kwanza mjomba wangu angeonekana mjinga, na hakuwa mjinga. Kwa hiyo usione aibu, yaliyokupata wewe kwa saa moja yaliwapata wao kwa mwaka mzima.

MwalimuNakuru
Ndugu wa Busia nakuelewa ila mimi sitaisifu hii filamu, na naandika nikiwa na uchungu kwa sababu nafundisha historia na kila mwaka kuna mwanafunzi ananiambia amejua habari za Amin kutoka hapo.

Mzee ameuliza swali moja tu na ndilo lenyewe. Huyo daktari hakuwahi kuwepo! Nicholas Garrigan ametoka kwenye riwaya ya Giles Foden ya 1998. Wengi husema aliyemkaribia ni Bob Astles, na huyo alikuwa Mwingereza mshauri wa Amin, si kijana wa Uskoti aliyezungusha tufe la dunia akaangukia Uganda. Kay alikuwepo kweli, na kweli alikufa 1974 na mwili wake ukapatikana umekatwakatwa, lakini hakukuwa na mpenzi Mskoti. Wamechukua kifo cha mwanamke wa watu wakakigeuza adhabu ya mapenzi ya mzungu. Alikuwa na watoto jamani. Halafu yule daktari Mganda, Junju, anamwokoa mzungu pale Entebbe ili aruke na ndege, yeye anauawa. Mpaka mwisho Mganda kazi yake ni kufa ili mgeni akasimulie.

Na waliokosa nafasi kwa sababu ya huyo mgeni ni kina nani? Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu, alichukuliwa na askari pale Mahakama Kuu Septemba 1972 akiwa kazini, hakurudi. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliuawa Februari 1977. Hao kila mmoja angetosha filamu nzima. Na sisi je? Nyinyi watu wa Kisumu mnajua Februari 1976 Amin alisema sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda? Kisumu yenu ilikuwemo na hata huku kwetu Bonde la Ufa, kwa sababu Waingereza walihamisha mpaka 1902. Reli ilipofika Kisumu 1901 hapo palikuwa bado panahesabiwa Uganda, na yenyewe iliitwa Reli ya Uganda. Mzee alikuwa Mkenya anaishi Jinja wakati Amin anasema hayo. Hebu fikiria alikuwa analala vipi. Hiyo sinema haijatengenezwa.

Mulembe_Kakamega
Mulembe wote. Mwalimu uko sawa kwa historia lakini wacha nimtetee Forest Whitaker aliyeigiza Amin, yule mtu alifanya kazi. Walirekodi Uganda kwenyewe, akajifunza Kiswahili, akajifunza akodioni, akaenda kuongea na ndugu wa Amin, na Oscar ya 2007 aliistahili. Kuna ile mahali daktari anamkumbusha kwamba nilikuambia usiwafukuze Wahindi na yeye anamjibu lakini hukunishawishi. Hapo nilisimamisha nikarudia mara tatu. Hasira na utoto na ujanja vyote kwa uso mmoja.

Kwa swali la dada, mimi niliiona na mama mkwe, yeye ni wa Mbale aliolewa huku. Huyu mama tumekaa naye miaka 15 na hajawahi kunijibu kwa Kiswahili, anakielewa vizuri sana lakini atanijibu kwa Luhya ama Kiingereza, nikadhani ni maringo. Siku hiyo ndipo aliniambia. Amin alitangaza Kiswahili lugha ya taifa 1973, lakini kwao kilikuwa lugha ya wenye bunduki. Usiku ukisikia mtu anaongea Kiswahili nje ya nyumba unajua si jirani. Mimi nimekuwa nikimuita "mama kuja ule" kila jioni kwa sauti kubwa miaka yote hiyo, nikiwa na furaha zangu. Sasa hivi naenda mpaka alipo naongea polepole.

Yeye aliiona mpaka mwisho. Akasema sura si yake lakini kucheka ni kwake.

MwalimuNakuru
Hiyo ya mama mkwe imenigusa. Kwa Whitaker sina ubishi, anatisha zaidi anapocheka kuliko anapopiga kelele. Ugomvi wangu ni na hadithi waliyompa.

NyarKisumu
Asanteni sana. Nimerudi kwa sababu jana niliketi na baba nikamwambia Mwalimu amesema yule daktari ni wa kutungwa. Alinyamaza kidogo akasema, basi wangenitunga mimi. Kisha akaanza kuongea, na huyu mtu hajawahi kuniambia haya maisha yangu yote.

Hapo nyumbani kwao Jinja aliyekuwa akimkopesha sukari na mafuta ya taa mpaka mwisho wa mwezi alikuwa Mhindi mmoja mwenye duka. Agosti 1972 Amin akawapa Wahindi siku 90 waondoke nchini. Siku ya kuondoka yule mzee wa Kihindi alimpa baba funguo za duka, akamwambia nishikie mpaka nirudi, na deni lako tutamaliza nikirudi. Wiki hiyo hiyo duka likavunjwa likapewa mtu mwingine na kufuli jipya. Lakini baba alikaa na zile funguo. 1977 alipokuwa anarudi walisimamishwa kwa kizuizi njiani, wakamchukulia redio, saa na viatu, akaingia Kenya na soksi. Funguo zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la suruali.

Ziko hapa. Aliingia chumbani akatoka na mkebe wa zamani wa mafuta ya kupikia, ndani kuna karatasi za pensheni na funguo tatu za shaba kwa waya. Kijana wangu alizishika kwa muda mrefu, akauliza ni ya mlango gani. Baba anasema Main Street, mlango wa mbao wa kijani wenye mbawa mbili, juu yake mwaka umeandikwa kwa simenti lakini mwaka wenyewe amesahau. Kuna mtu hapa huwa anafika Jinja?

Mpakani_Busia
Mimi huwa napita na lori karibu kila wiki mbili na zile nyumba za zamani Main Street nyingi bado zimesimama na miaka yao juu. Muulize mzee ilikuwa upande gani ukitoka darajani, kulia ama kushoto. Napita Alhamisi.

NyarKisumu
Anasema kushoto. Halafu anauliza kama utabeba na kijana.